Msumeno mdogo wa meza wa kukatia brasi: nichukue upi?

FundiGanuni (Unguja)

Asalaam aleikum wakuu, na poleni na kazi.

Mimi ni fundi wa ala za taarabu, zaidi udi na ganuni (ala ya nyuzi inayolazwa mapajani). Nimeletewa ganuni mbili za Kimisri, kila moja nyuzi 78, yaani safu 26 za nyuzi tatu tatu. Mandali zake zimechoka. Nyingine zimelegea kwenye bawaba, nyingine fundi aliyetangulia alizibadilisha kwa vipande vya kopo, ukigonga uzi unasikia mkwaruzo. Nimeamua kuzing'oa zote nitengeneze mpya za brasi ya milimita 2.

Kwa asiyejua, mandali ni vile vipande vidogo vya chuma vilivyopangwa upande wa kushoto karibu na vigingi. Mpigaji akikiinua kimoja, kinaugusa uzi na kuufupisha, sauti inapanda kwa sehemu ndogo ya toni. Hapo ndipo maqamu, yaani ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu, yanapozaliwa. Sasa kipande kikizidi upana hata kidogo kinamsugua mwenzake, na kikipungua kinatikisika na sauti haitulii.

Nikiweka mandali sita kila safu, ganuni moja inakula 156, mbili 312. Kwa wastani kila kimoja ni milimita 12 kwa 6. Tofauti ninayoweza kuivumilia kabla ya kumalizia kwa tupa ni 0.1 mm, ikizidi hapo najitafutia adhabu. Mpaka sasa natumia msumeno wa sonara na tupa, kipande kimoja kinanichukua dakika 20. Pigeni hesabu wenyewe, ni zaidi ya saa 100 za kukata tu.

Nataka msumeno mdogo wa meza. Bajeti ni shilingi milioni mbili, umeme wetu wa kawaida wa volti 230. Nimeona njia tatu:

1. Vile vidogo vya Kichina vyenye mota ya 775 ya volti 24.
2. Proxxon FET ya Kijerumani.
3. Nichukue msumeno wa seremala wa inchi 10 uliopo kwa jirani yangu, nibadilishe bledi tu.

Nishaurini jamani, hizi ala ni za watu na zina historia yake.

---

SeremalaBuguruni

Mkuu, namba 3 ifute kabisa leo hii.

Mimi nina msumeno wa inchi 10 na ninaupenda, lakini kwa mbao. Mwaka juzi nilitaka kukata vipande vya alumini upana wa sentimita 2 kwa ajili ya ukingo wa kabati. Bledi ilikuwa ya mbao, meno yameinama mbele. Kipande cha nne kilizama kwenye ule uwazi wa pembeni mwa bledi, kikajipinda, mashine ikakirusha. Kilipita karibu na sikio langu na kugonga ukuta wa mabanzi nyuma, kikabaki kimechomeka pale. Nilizima mashine nikakaa chini robo saa nzima.

Uwazi wa mashine kubwa umetengenezwa kwa mbao pana. Kipande cha milimita 6 kitaanguka mle kama sarafu kwenye mfereji.

---

MzeeTupa (Tanga)

Fundi, umeuliza swali zuri na umetoa vipimo, kwa hiyo na mimi nitajibu kwa vipimo. Nimefanya kazi ya kutengeneza dai na jigi, yaani vifaa vya kutolea umbo na kushikia kazi, kiwandani miaka 22.

Watu wengi wakichagua msumeno wanaangalia nguvu ya mota. Kwa kazi yako mota iweke mwisho. Cha kwanza ni mwendo wa jino, yaani jino linasafiri mita ngapi kwa dakika. Bledi ya kipenyo cha milimita 80, ukizidisha kwa 3.14, mzingo wake ni kama robo mita. Ikizunguka mara 7,000 kwa dakika, jino linakwenda mita 1,760 kwa dakika.

Linganisha sasa. Bledi ya haispidi (chuma kigumu cha kukatia, HSS) ikikata chuma laini inataka kama mita 30 kwa dakika. Kwa brasi, mimi huwa nachukua 100. Maana yake kwa bledi hiyo ya 80, chuma kinataka mizunguko kama 120 na brasi kama 400. Ndiyo sababu mtu ananunua msumeno mdogo wa meza, anaweka bledi nzuri ya haispidi, anakata kipande cha chuma, na meno yanageuka bluu kabla hajafika katikati. Bledi haina kosa na mashine haina kosa. Ni mwendo.

Kwa hiyo sheria ya kwanza: misumeno hii ya mbio ni ya brasi, shaba, alumini, plastiki na mbao. Chuma cheusi na chuma kisichoshika kutu usikipeleke pale. Ya pili: kwa mbio hizo chukua bledi yenye ncha za kabaidi (madini magumu yanayovumilia moto), haispidi waachie wenye mashine za taratibu.

Halafu angalia jino lenyewe. Brasi ina tabia ya kuvuta. Jino lililoinama mbele, kama la mbao, linazama lenyewe na kuinyakua kazi mkononi mwako. Ndiyo maana sisi tukitoboa brasi tunaupaka ukingo wa drili jiwe kidogo, tunauua ule ukali wa kuzama. Tafuta bledi ambayo uso wa jino umesimama wima, au umelala nyuma kidogo. Ukimwambia muuzaji "bledi ya alumini na brasi" na akakuletea ya mbao, utaiona kwa macho.

Sasa kimo cha bledi. Hapa watu hawazungumzi na ndipo penye kazi. Bati lako ni milimita 2. Ukiinua bledi ya 80 milimita 20 juu ya meza, jino linapita bati karibu wima, njia yake ndani ya brasi ni kama milimita 2.3 tu. Ukiishusha mpaka izidi uso wa bati kwa milimita 1, njia inalala na kuwa kama milimita 6.5. Jino linaingia kwa mteremko, halipigi tena kama nyundo, na ukingo unatoka laini. Lakini elewa bei yake: bledi ya juu inaikandamiza kazi kwenye meza, ya chini inaisukuma kazi ikurudie tumboni. Kwa hiyo ukishusha bledi ni lazima kazi iwe imebanwa. Mkono mtupu hautoshi.

Na ubao wa meza: tengeneza kibao chako cha kuziba uwazi, plastiki ngumu au plaiwudi. Kifunge mahali pake, washa mashine, kisha pandisha bledi taratibu ijitoboe yenyewe. Uwazi utabaki sawasawa na unene wa bledi, na kipande cha milimita 6 hakina pa kuzama.

Ukiinunua mashine yoyote, siku ya kwanza usikate kitu. Weka saa ya kupimia (kipimo cha mshale kinachosoma sehemu za milimita) kwenye ubavu wa bledi, izungushe kwa mkono. Ikicheza zaidi ya 0.1 mm, safisha kola za shafti kwanza, mara nyingi ni punje ya vumbi tu. Ikiendelea kucheza, rudisha.

---

KamukunjiMetal (Nairobi)

Habari ya huko Unguja. Mimi hapa Kamukunji tunakata bati kutoka asubuhi mpaka jioni, masanduku, majiko, vihori vya kuku, kila kitu. Swali langu kwa ndugu: umefikiria kupeleka kwa watu wa leza? Mashine za leza za faiba zinakata brasi ya milimita 2 bila shida. Unachora vipande 312, unalipa, unarudi nyumbani.

Makasi ya bati usijaribu lakini. Ukanda wa milimita 12 ukipita kwenye makasi unatoka umejisokota kama utepe, na kuunyoosha ni kazi kuliko kuukata.

---

FundiGanuni

Mzee wangu, shikamoo. Nimesoma mara tatu na nimeichapa karatasi, nimeibandika ukutani.

Kamukunji, ahsante sana. Leza niliiwaza. Tatizo langu ni kwamba vipande si sawa vyote. Safu za besi ni pana kuliko za sauti nyembamba, na sijui upana halisi mpaka ning'oe safu na kupima. Nikikata leo ishirini, kesho napima tena. Pia nataka nibaki na uwezo huu hapa karakana kwangu, ganuni za wenye vikundi ni nyingi na zote zina ugonjwa huuhuu.

Mzee, swali: bledi nyembamba si bora? Nimeona za nusu milimita. Brasi hapa ni ghali, sitaki igeuke chenga.

---

MzeeTupa

Marahaba mwanangu.

Fanya hesabu kabla ya kuionea huruma brasi. Chukua ukanda wa milimita 300, unaukata vipande vya 6. Bledi ya 0.5 inakupa vipande 46. Bledi ya 1.6 inakupa 39. Kwa mandali 312 unahitaji kanda 7 kwa bledi nyembamba na 8 kwa nene. Na kanda zenyewe zikichanwa kutoka kwenye shiti, saba kwa 12.5 ni milimita 87.5, nane kwa 13.6 ni karibu 109. Umeokoa utepe wa sentimita mbili. Basi.

Ulichopoteza ni ugumu. Bledi ya nusu milimita yenye kipenyo cha 80 inapinda ikikutana na kazi iliyosukumwa kombo, na mkato unakuwa na tumbo. Ikiwa ya kabaidi tupu, ukiibana kidogo inavunjika kama kioo, na vipande vinaruka. Chukua nene ya ncha za kabaidi. Nyembamba ni ya mtu anayekata fedha au dhahabu.

Na jambo jingine, usisukume polepole mno kwa woga. Meno 36 kwa mizunguko 7,000 ni miguso 252,000 kwa dakika. Ukipeleka milimita 300 kwa nusu dakika, kila jino linachukua chini ya sehemu tatu za elfu za milimita. Ukipunguza zaidi ya hapo jino halikati tena, linasugua, na brasi inapata moto bure.

---

MkaaziMaskati

Nipo Oman, asili yangu Pemba. Ninatengeneza udi kwa kupenda tu, na hiyo FET ninayo, mwaka wa tatu sasa.

Ni mashine ya mota ya wati 200, inazunguka takribani mara 7,000, tundu la bledi ni milimita 10. Tundu hili likumbuke sana. Bledi za chuma za kipimo cha DIN, zile za viwandani, ya kipenyo cha 63 ina tundu la 16 na ya 80 ina tundu la 22. Mimi niliagiza tatu nzuri kwa furaha, zilipofika hazikukaa. Pete ya kupunguza tundu inabidi ikerezwe barabara kabisa, la sivyo bledi inakwenda kama yai.

Kizuri chake ni fensi, ule ukingo wa kuongozea kazi pembeni mwa bledi. Ina kirungu cha kusogeza kidogokidogo, unaweza kuongeza sehemu ya kumi ya milimita bila kupiga kwa nyundo ya mpira. Kibaya ni kwamba mwendo haubadiliki, kama alivyosema mzee, kwa hiyo haispidi isahau. Bledi iliyokuja nayo ni ya ncha za kabaidi, meno 36, nimepima mkato wake ni 1.6.

Kuna ndugu yake mdogo KS 230, bledi ya 58. Kwa brasi ya milimita 2 utamchosha.

Wajenzi wa meli za mfano kule Marekani wanausifu sana msumeno wa Byrnes. Ila kwa mashine yoyote ya Marekani angalia mota kwanza. Kwao ni volti 120 na hezi 60. Transfoma inashusha volti, hezi haiigusi. Mota ya brashi haijali, lakini ya indaksheni (isiyo na brashi) itazunguka pole kwa moja ya sita kwenye hezi zetu 50.

Ile ya Kichina ya 775 niliwahi kuwa nayo pia. Faida yake ni kwamba ni umeme wa moja kwa moja, unaweza kupunguza mwendo kwa kidhibiti. Lakini ukiipunguza inakosa nguvu, jino likishika kidogo tu inasimama. Na meza yake ilikuwa bati lililokunjwa, nikiegemea kwa kidole fensi inahama. Kwa plastiki na veneer ya udi ilinifaa. Kwa mandali za ganuni, hapana.

---

SonaraWaMombasa

Kaka yangu FundiGanuni, mie ni sonara, naongezea machache ya upande wa brasi yenyewe.

Ukienda kununua shiti, uliza kama ni laini au imekazwa nusu. Laini sana inakwama kwenye meno na kuacha ndevu, yaani vinyuzi vikali vya chuma, ukingoni. Iliyokazwa nusu inakatika safi. Ukiipinda kwa vidole kona yake na ikarudi kidogo yenyewe, hiyo ndiyo.

Fimbo za brasi za kukereza huwa na risasi ndani, katika aina iliyozoeleka ni kama asilimia 3, ndiyo inayozifanya zikatike vizuri. Ukikata kipande cha fimbo kama hiyo, usipulize vumbi kwa mdomo, usile pale kwenye meza, na nawa mikono kabla hujamshika mtoto. Shiti kwa kawaida hazina risasi, lakini tabia iwe moja.

Brasi ikate kavu. Alumini ndiyo inayotaka kilainishi, na wengi hupaka mafuta ya taa. Kwenye msumeno wa mota ya brashi, inayotoa cheche, nakuomba usifanye hivyo. Chukua mshumaa, sugua nta kwenye meno, yatosha.

Miwani ya kazi vaa kila siku. Glavu usivae, jino likishika uzi wa glavu linachukua na kidole. Na kanga au mtandio, dada zangu wanaosoma hapa, ufungeni nyuma.

---

FundiGanuni

Dada yangu, Mungu akuzidishie. Hili la mafuta ya taa lingenichoma, maana ndivyo nilivyozoea kwenye drili.

Nimeshaamua. Nachukua FET. Ndugu wa Maskati amenisaidia kuipata huko, inakuja na msafiri. Nitarudi hapa na vipimo.

---

FundiGanuni (wiki tano baadaye)

Wakuu, nimerudi kama nilivyoahidi.

Siku ya kwanza sikukata, nilimsikiliza mzee. Nimeazima saa ya kupimia, bledi ilicheza 0.14. Nikafungua, nikakuta kwenye kola kuna rangi ya kiwandani imeganda, nikaitoa kwa kitambaa na spiriti. Ikashuka 0.05.

Ukanda wa kwanza ulinivunja moyo. Mwanzo 12.02, mwisho 12.21. Fensi haikuwa sambamba na bledi. Niliirekebisha kwa kupima kutoka kwenye jino moja lilelile: nalileta mbele napima, nalizungusha nyuma napima. Ukitumia meno mawili tofauti unapima kasoro ya bledi, si ya fensi. Baada ya hapo kanda zikatoka 12.00 mpaka 12.04.

Kukata vipande vya 6 nilitengeneza kigari cha plaiwudi kinachoteleza kwenye mfereji wa meza, na juu yake kijiti cha mninga kinachokandamiza brasi pande zote mbili za bledi, kinafungwa kwa skrubu ya kipepeo. Kidole hakifiki karibu kabisa. Kanda nazikata mbili mbili, nimezishikisha kwa gundi ya utepe, chini yake kibao cha plaiwudi cha milimita 3. Bledi inazidi kwa milimita moja tu.

Hapo vipande vikaanza kutoka 6.01, 6.00, 6.02, halafu ghafla 5.88. Nikabadilisha kila kitu, fensi, skrubu, wapi. Nikainama na kurunzi, nikaona punje ya brasi imekaa kwenye kona, kati ya ukanda na kizuizi cha kigari kinachopima urefu wa kipande. Kila kipande kilichokutana na punje kilipungua kwa unene wake. Nimekikata kizuizi chini, sasa kimeinuka milimita 1 kutoka sakafu ya kigari na chenga zinapita chini yake. 5.88 haijarudi tena.

Jumla nimekata 320, tisa nimezitupa. Siku mbili, pamoja na kutengeneza kigari. Zilizobaki 311, ile moja iliyopungua nimeikata asubuhi hii.

Jana usiku nilifunga safu ya kwanza, zile sita, nikavuta nyuzi tatu nikapandisha mandali moja moja. Mzee mwenye ganuni alikuwepo. Alipiga maqamu ya sikah, akarudia, akaniomba nizime feni ili asikie vizuri.

---

MzeeTupa

Umenifurahisha sana mwanangu. Hiyo ya kuinua kizuizi tuliifanya kiwandani kwenye kila jigi, na sikukumbuka kukuambia.

Ndevu ukingoni unaziondoaje? Kwa tupa au kwa kuviringisha vipande kwenye mchanga?

---

FundiGanuni

Kwa sasa tupa namba sita, kipande kimoja kimoja. Hiyo ya mchanga sijawahi kuifanya mzee wangu. Nieleze, mchanga wa aina gani na kwa saa ngapi? Sitaki kona ziviringike, uzi unakaa pale pale kwenye kona.